Mshahara twauhesabu, sumu nani aipimaye?

Wahenga wa pwani walisema kwamba kazi mbi si mchezo mwema. Methali hii aghalabu huambiwa kijana aliyepata kibarua kisichompendeza, ili asikiache akarudi kukaa bure barazani. Maana yake ni wazi: kazi, hata iwe ya taabu na ya ujira mdogo, ni bora kuliko kutokuwa na kazi. Mimi sina ugomvi na methali hii, kwani wengi wetu tumelelewa kwa jasho la kazi za namna hiyo. Hata hivyo, katika zama hizi za viwanda iko haja ya kuuliza jambo ambalo wahenga hawakulazimika kuliuliza. Je, ubaya wa kazi ukiwa haumpati yule aifanyaye peke yake, bali unavuka ukuta na kumpata mtoto wa jirani anayecheza mchangani, methali itasimama vile vile?

Suala hili si la kubuni. Limetokea hapa hapa Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru ulioko Mikindani, upande wa bara, mtaa wenye wakazi wapatao 3,000. Nyumba za mtaa huo zimebanana, na wakazi wake wengi ni vibarua na wachuuzi, watu wa riziki ya siku kwa siku. Kuanzia mwaka 2007 hivi hadi mwaka 2014, kiwanda cha Kenya Metal Refineries kilifanya kazi ubavuni mwa nyumba hizo. Kazi yake ilikuwa kuzipasua betri kuukuu za magari na kuiyeyusha risasi iliyomo ndani yake, ipate kuuzwa ng'ambo.

Kiwanda hicho kilikuwa chini ya mpango wa EPZ, yaani ule wa viwanda vinavyotengeneza bidhaa za kuuzwa nchi za nje. Serikali iliupitishia sheria mpango huo mwaka 1990, na viwanda vilivyomo husamehewa kodi ya mapato kwa miaka 10 ya mwanzo. Sababu ya msamaha huo ni kutafuta fedha za kigeni, na zaidi ya hayo, kutafuta nafasi za kazi kwa wananchi. Kwa hiyo tangu mwanzo neno lililotangulizwa lilikuwa ni hilo hilo: kazi.

RISASI ISIYO NA MLIO

Watu wa pwani tumeijua risasi tangu jadi. Mvuvi huifunga katika mshipi wake iwe chubwi, ndoana ipate kuzama upesi. Neno lenyewe limetufikia kutoka Uarabuni, na katika lugha yetu neno hilo moja ni jina la madini hayo na pia ni jina la kile kitokacho katika bunduki. Mtu akipigwa kwa risasi ya bunduki, mlio husikika, damu huonekana na polisi huja. Risasi ya tanuri haina mlio. Haina rangi ndani ya maji wala harufu ndani ya chakula, na aliyeingiwa nayo aweza kukaa miezi na miaka bila ya kujua.

Inaingiaje mwilini? Betri inapopasuliwa, maji yake makali humwagika pamoja na vumbi la risasi. Tanuri linapowashwa, moshi hutoka dohani ukiwa na chembe ndogo ndogo, nazo hutua juu ya mabati, juu ya nguo zilizoanikwa na juu ya mchanga wa uani. Mvua ikinyesha, maji ya kwenye mabati huziteremsha hadi katika mapipa. Mtoto mdogo hutambaa mchangani kisha hutia vidole mdomoni, kama wafanyavyo watoto wote. Baba naye, akirudi na nguo za kazini, huliingiza vumbi lile nyumbani kwa mikono yake mwenyewe, kwa mapenzi yale yale anayoletea mkate.

Ndani ya mwili, risasi hujifanya kana kwamba ni chokaa ya mifupa, na mwili huipokea na kuiweka akiba mifupani. Mwanamke akichukua mimba, akiba ile huweza kurudi katika damu na kumfikia mtoto tumboni. Hupunguza damu, hudhuru figo na huweza kuharibu mimba, lakini dhara lake kubwa kwa watoto ni katika ubongo: mtoto huwa mzito wa kujifunza, na kilichopotea hapo hakirudishwi kwa dawa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa ni salama. Mwongozo wake wa mwaka 2021 unataka mtu akipatikana na mikrogramu 5 au zaidi kwa kila desilita ya damu, chanzo kitafutwe na hatua zichukuliwe.

Bi. Phyllis Omido aliajiriwa na kiwanda hicho mwaka 2009, kazi yake ikiwa ni kushughulikia uhusiano na wananchi. Kwa maelezo yake mwenyewe, alipohusika na tathmini ya athari za kiwanda kwa mazingira, alishauri kwamba kiwanda kihamishwe mbali na makazi ya watu, na ushauri huo haukukubaliwa. Haukupita muda mrefu mtoto wake mchanga akaugua. Alitibiwa maradhi ya kawaida, wala hakupona, hata damu yake ilipopimwa ikakutwa na risasi. Mama huyo aliacha kazi, akawakusanya majirani, na mwaka 2012 alikamatwa kwa ajili ya maandamano, ingawa baadaye mahakama ilimwachilia. Mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Goldman, ambayo hupewa watetezi wa mazingira duniani.

ANAYETETEA KAZI ANA HOJA

Ni rahisi kwa mtu mwenye chakula mezani kusema, "Kiwanda kifungwe!" Mimi sipendi maneno ya namna hiyo yasemwe kwa wepesi, kwani pwani yetu inaujua vyema uchungu wa kiwanda kilichofungwa. Kiwanda cha sukari cha Ramisi, huko Kwale, kilipoanguka mwishoni mwa miaka ya 1980, wakulima wa miwa na wafanyakazi walipoteza riziki zao kwa pamoja. Kile cha korosho cha Kilifi kilipokufa katika miaka ya 1990, mkulima alibaki na korosho zake mikononi mwa walanguzi. Mwaka 2013 mitambo ya kusafisha mafuta ya Changamwe, iliyoanza kazi mwaka 1963, iliacha kusafisha. Kila mara kama hiyo, si mshahara peke yake unaokatika. Hukatika pia karo ya mtoto, posa ya kijana, na biashara ya mama aliyekuwa akiwauzia wafanyakazi mahamri na mbaazi langoni.

Tena kazi yenyewe ya kuyeyusha risasi si ya upuuzi. Betri kuukuu zipo, na zitazidi kuwapo madhali kuna magari na mitambo ya umeme wa jua. Zisipokusanywa mahali pamoja na kushughulikiwa kwa njia nzuri, zitapasuliwa vichochoroni na maji yake kumwagwa mitaroni. Kwa hiyo mwenye kusema kwamba twahitaji viwanda hana kosa. Mwenye njaa hana miiko, na kumlaumu kibarua kwa kukubali kazi ya sumu ni sawa na kumlaumu anayezama kwa kushika upanga.

Basi kosa liko wapi? Kwa maoni yangu, liko katika mizani tunayoitumia. Mizani ina vitanga viwili. Katika kitanga cha kwanza tunaweka kazi, nacho kimejaa tarakimu: ajira kadhaa, shilingi kadhaa, kodi kadhaa, bidhaa kadhaa zilizouzwa ng'ambo. Mshahara huhesabiwa noti kwa noti, na aliyepunjwa shilingi hamsini hujua siku ile ile. Katika kitanga cha pili twatakiwa kuweka madhara, lakini kitanga hicho huachwa kitupu, si kwa sababu madhara hayapo, bali kwa sababu hakuna aliyeyapima. Kisha twaambiwa, "Tazameni, upande wa kazi ndio mzito!" Yakini utakuwa mzito, kwani upande wa pili hapana kitu kilichowekwa.

SIKU VIPIMO VILIPOPATIKANA

Katika Owino Uhuru kitanga cha pili kilikuja kujazwa, lakini kwa kuchelewa. Watafiti walipima damu za watoto 130 waliokuwa chini ya umri wa miaka 5, nusu yao kutoka Owino Uhuru na nusu kutoka mtaa wa Bangladesh, ambao pia uko Mombasa na hali ya maisha yake inafanana na ya wenzao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Wastani wa risasi katika damu ya watoto wa Owino Uhuru ulikuwa mikrogramu 7.4 kwa desilita, ilhali wale wa Bangladesh walikuwa na 3.7. Yaani ni maradufu. Na udongo wa Owino Uhuru ulikutwa na risasi zaidi ya mara 10 kuliko udongo wa mtaa ule mwingine.

Hebu msomaji azitazame tarakimu hizo kwa makini. Watoto wa mitaa yote miwili ni wa watu maskini, wanakula chakula kinachokaribiana na kuchota maji kwa shida. Tofauti iliyokuwapo ni kwamba upande mmoja walikuwa na tanuri kwa jirani. Hapo ndipo mzazi wa Owino Uhuru alipoweza kusema jambo ambalo hapo awali hakuweza kulisema isipokuwa kwa dhana.

Vipimo ndivyo pia vilivyoisaidia kesi. Wakazi walikwenda mahakamani mwaka 2016. Tarehe 16 Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na udongo usafishwe, la sivyo zitolewe shilingi milioni 700 za kuusafishia. Hukumu hiyo haikuishia kwa kiwanda peke yake. Iliwahusisha pia wakuu wa serikali waliopewa jukumu la kusimamia, ikiwamo NEMA, idara ya kuhifadhi mazingira. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani iliitengua fidia ile, na Desemba mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha uamuzi wa kwanza. Kiwanda kilifanya kazi kwa miaka 7 hivi. Kesi ilichukua zaidi ya miaka 8. Mishahara ilikoma mwaka 2014, lakini risasi iliyo udongoni haikukoma siku hiyo. Kazi iliondoka na sumu ikabaki, na aliyekuwa akiambiwa achague baina ya viwili akakosa kile alichokichagua na kubaki na kile alichokikimbia.

YALIYOWAPATA WAVUVI WA MINAMATA

Huenda mtu akadhani kwamba mambo haya ni ya nchi maskini tu. La, hasha. Huko Japani uko mji wa pwani uitwao Minamata, mji wa wavuvi ambao ulitegemea kiwanda kikubwa cha dawa za viwandani cha kampuni ya Chisso. Kiwanda kilikuwa kikimwaga zebaki baharini. Mwaka 1956 daktari wa hospitali ya kiwanda chenyewe, Hajime Hosokawa, aliripoti kwamba kuna maradhi mageni ya mishipa ya fahamu. Mwaka 1959 daktari huyo alimlisha paka chakula kilichochanganywa na maji machafu ya kiwanda, na paka akaugua maradhi yale yale. Basi kipimo kilipatikana, lakini kampuni ilikificha.

Mwaka huo huo wavuvi walitaka maji yale yazuiwe. Na je, ni nani waliowapinga? Meya, wafanyabiashara na wawakilishi wa wafanyakazi walikwenda kwa gavana wa jimbo kumsihi asiyazuie, kwani kiwanda kikisimama mji utakufa. Hawakuwa watu waovu. Waliona kitanga kimoja kimejaa na cha pili hawakuonyeshwa. Kiwanda kiliendelea kumwaga zebaki hadi mwaka 1968, na wagonjwa waliokubaliwa rasmi na serikali wamezidi 2,200. Mwaka huo wa 1968, chama kimoja cha wafanyakazi wa kiwanda kilitoa tamko la kuona haya kwa kuwa hakikusimama pamoja na wagonjwa. Ni jambo la nadra kwa chama cha wafanyakazi kusema hivyo hadharani, nami naliheshimu. Ila miaka 9 ilikuwa imepita, na bahari ilikuwa imekwisha kula sumu yote ile.

JIRANI NA MWASHI

Kupima madhara ya jirani si jambo geni lililoletwa na Wazungu. Wanazuoni wetu wa fikihi wana msingi mashuhuri kwamba kuondoa madhara hutangulizwa mbele ya kuleta manufaa. Na waliposema madhara, hawakusema maneno ya hewani. Katika karne ya 14 aliishi Tunis mwashi mmoja aitwaye Ibn al-Rami, ambaye aliandika kitabu juu ya hukumu za majengo. Humo mnazungumzwa moshi wa hamamu na wa tanuri, uvundo wa wenye kutengeneza ngozi, na kishindo cha mashine za kusagia, na jinsi jirani anavyohifadhiwa nayo. La kuzingatia ni hili: kadhi alipoletewa mashtaka, hakuamua kwa kusikiliza kelele za pande mbili. Alimtuma mwashi mwenye ujuzi akatazame ukuta, moshi na umbali, kisha arudi atoe habari ya alichokiona. Yaani kipimo kwanza, hukumu baadaye.

Sheria za Kenya nazo hazikutunyima njia. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani bila ya kulazimika kuonyesha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inataka athari zichunguzwe kabla mradi haujaanza. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inambebesha mwajiri jukumu la kumlinda mfanyakazi wake. Tunachokikosa ni desturi ya kudai.

Wala si kweli kwamba kiwanda hakiwezi kutengeneza kilichoharibika. Kule Bamburi, ambako saruji ilianza kutengenezwa mwaka 1954, machimbo ya mawe yaliacha mashimo meupe yasiyoota hata nyasi. Mwaka 1971 bwana shamba wa kampuni, René Haller, alianza kujaribu miti mbalimbali humo. Mingi ilikufa, lakini mvinje ukashika. Majani yake hayakuwa yakioza upesi, hivyo akaleta majongoo wayale na kuyageuza kuwa rutuba. Leo ni msitu unaotembelewa na watu. Sisemi kwamba miti inafuta kila lawama ya kiwanda. Nasema tu kwamba aliyesimama mbele ya shimo lile akapima, akajaribu na akapima tena, alipata jawabu, na kazi zikaendelea.

TUDAI NINI?

Kwanza, kila kiwanda cha madini ya sumu kiwapime wafanyakazi damu kabla ya kuwaajiri na kila baada ya muda uliowekwa, na kila mmoja apewe cheti chake mkononi, kisifungiwe ofisini. Pili, watoto wa nyumba za jirani nao wapimwe, kwani wao ndio wanaolipa bila ya kupokea mshahara. Tatu, udongo na maji ya mitaro yapimwe na watu wasiolipwa na kiwanda wala kuchaguliwa nacho, na matokeo yabandikwe mahali pa wazi: kwa chifu, shuleni, na kwenye ubao wa msikiti. Nne, nguo za kazi zibaki kiwandani na wafanyakazi waoge kabla ya kutoka. Tano, kiwanda kinachosamehewa kodi kwa miaka 10 kiwekeshwe dhamana tangu siku ya kwanza, ili kikifungwa pawe na fedha za matibabu, za kusafisha udongo, na za kuwalipa wafanyakazi waliosimamishwa. Hapo mfanyakazi hataogopa kipimo, kwa kuwa hakitamfukuza na njaa.

Nimesikia wengine wakisema kwamba masharti kama haya yatawakimbiza wenye mitaji. Najibu kwamba mfanyabiashara wa halali haogopi mizani. Muuza samaki anayekataa samaki wake wapimwe, wanunuzi humshuku papo hapo, nao hupita wakaenda kwa mwenzake. Kwa nini tuwe werevu sokoni, kisha tuwe wajinga mbele ya lango la kiwanda?

Siku atakapokuja tena mgeni mtaani kwetu akasema kwamba ataleta kazi, tumkaribishe kwa heshima, maana kazi twaihitaji. Tumuulize ataajiri wangapi na atawalipa nini. Kisha, kabla hajaanza kuchimba msingi, tumuulize na hili: nani atakayempima mtoto wa jirani, atampima lini, na karatasi ya matokeo tutaisomea wapi?